Kompyuta ya duka imekufa, bakapu ya Windows ipo lakini Windows inagoma kuirudisha: je, Linux inaweza?

#1 Chumbageni

Wakuu, habarini za jioni.

Kuna jambo linaninyima usingizi tangu Jumatatu. Diski ya kompyuta ya duka la mama imekufa. Ni duka la vipuri vya pikipiki hapa Tanga. Ilianza wiki iliyopita kwa kugonga: tik, tik, tik, inanyamaza, kisha tik tena. Jumatatu asubuhi mama akaiwasha, yakaja maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, ikaishia hapo.

Ndani yake kuna programu ya stoo na madeni tuliyowekewa 2018 na kijana aliyekuwa anaandika programu zake mwenyewe. Kijana alihama, namba yake haipatikani, na hakutuachia seti ya kusakinishia. Leseni yake iko ndani ya rejista ya Windows, pale inapohifadhi mipangilio yake. Kwa hiyo ule ushauri wa kuweka Windows mpya na kurudisha mafaili hautufai. Mafaili ya data tutayapata, lakini hatuna cha kuyafungulia. Nahitaji mfumo mzima urudi kama ulivyokuwa.

Bakapu ninayo. Kila Jumapili jioni nilikuwa nachomeka diski ya nje ya TB 1 na kutengeneza taswira ya mfumo mzima kwa huduma iliyomo ndani ya Windows 10 yenyewe. Ya mwisho ni ya Jumapili hiyohiyo, siku moja kabla ya msiba.

Nimenunua SSD ya GB 240. Diski ya zamani ilikuwa GB 500, ila iliyotumika haifiki GB 90. Nikabuti kwa flashi ya Windows, nikachagua kurejesha, ikaiona bakapu na tarehe yake sahihi. Nikabonyeza. Ikajibu kwamba haioni diski inayofaa kurudishia mfumo. Fundi mmoja mjini ameniambia dawa ni kununua diski ya GB 500 au zaidi. Hela hiyo kwa sasa hatuna.

Mama anaandika mauzo kwenye kaunta buku. Wateja wa mkopo wanakuja, na madeni yao anayakumbuka kwa kichwa.

Nimeona mtu akisema Linux inaweza kuifungua bakapu ya Windows. Je, ni kweli, na inaweza kuirudisha mpaka kompyuta iwake? Ubuntu niliitumia chuoni, lakini mimi si mtaalamu.

#2 Nta_ya_Nyuki

Pole sana mkuu. Kabla ya yote: hiyo diski ya nje usiiandikie chochote, usiipe Windows nyingine iikague wala kuirekebisha. Hiyo ndiyo roho ya duka kwa sasa. Ichomeke kwenye Linux kwa kusoma tu, kisha utuwekee hapa majina ya mafaili yaliyomo.

#3 Chumbageni

Nimebuti laptopu ya mdogo wangu kwa flashi ya Ubuntu bila kusakinisha. Kuna folda WindowsImageBackup, ndani yake folda yenye jina la kompyuta ya duka, ndani yake folda inayoanza na Backup na tarehe ya Jumapili. Humo kuna mafaili mengi madogo ya .xml na mafaili matatu ya .vhdx: moja kubwa la karibu GB 90, moja dogo linaloitwa Esp, na jingine la MB mia kadhaa.

Kitu kimoja kimenipa moyo. Windows ilikuwa inaninyima ruhusa ya kuingia kwenye folda hiyo. Linux imeifungua bila swali.

#4 Mzee wa Terminali

Kijana, jibu ni ndiyo kwa yote mawili. Soma taratibu, nitaandika kirefu kwa sababu wengine watakaokuja na shida hii wataukuta uzi huu.

Faili la .vhdx ni diski ndani ya faili. Lina jedwali lake la patisheni (sehemu ambazo diski imegawanywa) na patisheni yake, na hilo la GB 90 ni C: yako ilivyokuwa Jumapili. Windows 7 ilikuwa inaandika .vhd, kuanzia Windows 8 ikawa .vhdx. Microsoft wameuchapisha muundo wake, ndiyo maana QEMU, programu ya kuendesha kompyuta za kuigiza, inausoma huku Linux. Bakapu yako haikufungwa kwenye chombo kilichoitengeneza.

Kwa nini Windows imekataa? Chombo chake cha kurejesha kinajenga upya mpangilio wa diski kama ulivyokuwa. Patisheni ilikuwa na ukubwa wa karibu diski nzima ya GB 500, basi kinatafuta diski yenye nafasi hiyo, hata kama umetumia robo yake tu. Huduma yenyewe ni ya zamani. Tangu toleo la 1709 la mwaka 2017 Microsoft waliiweka kwenye orodha ya vitu wasivyoviendeleza. Lakini data iliyomo ni nzima.

Njia yetu ni hii: tunaifungua taswira, tunaipunguza C: ikiwa bado ndani ya taswira, kisha tunaihamishia kwenye SSD. Na bakapu ya asili haiguswi hata baiti moja.

Sakinisha vifaa kwenye hiyo Ubuntu ya flashi. Intaneti ya simu kwa waya wa USB inatosha, ni MB chache:

sudo apt install qemu-utils gdisk ntfs-3g

Kisha fungua bakapu kwa kusoma tu:

sudo mkdir -p /mnt/bakapu /mnt/ndani /mnt/kazi
sudo mount -o ro /dev/sdX1 /mnt/bakapu
sudo modprobe nbd max_part=8
sudo qemu-nbd -r -f vhdx -c /dev/nbd0 "/mnt/bakapu/…/faili-kubwa.vhdx"
lsblk
sudo mount -o ro /dev/nbd0p1 /mnt/ndani

Hiyo sdX ni herufi ya diski yako ya nje. Usikisie. Andika `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL` na ulinganishe na lebo iliyobandikwa kwenye diski yenyewe. Nimeona watu wazima wakifuta bakapu yao wenyewe kwa kuchanganya sda na sdb, na herufi hizo hubadilika ukichomoa na kuchomeka tena.

Ukifika hapo, ingia /mnt/ndani utafute folda ya programu ya mama. Ukiiona, rudi hapa.

#5 Chumbageni

Mzee wangu, nimeiona! Folda ya programu, hifadhidata ya madeni, hata picha ya mezani aliyoiweka mama. Tarehe ya mwisho kwenye faili la madeni ni Jumamosi saa 12 jioni, muda tunaofunga. Nimemwonyesha mama kwenye skrini ya laptopu. Hakusema neno, alikaa tu kwenye kiti.

Sasa tuendelee.

#6 Kibodi Kikavu

Samahani kuingilia. Kama mafaili yote yanaonekana, si atengeneze patisheni ya NTFS (mfumo wa mafaili wa Windows) kwenye SSD, akopi kila kitu kwa cp au rsync, amalize? Kwa nini tuzunguke?

#7 Mzee wa Terminali

Swali zuri, na wengi hukwama hapo. Kwa picha na nyaraka cp inatosha. Kwa Windows inayotakiwa iwake, haitoshi.

NTFS inabeba mambo mengi ambayo cp haiyahamishi. Kuna ruhusa za kila faili, nani mmiliki na nani anaruhusiwa nini, na huduma za Windows zinazitegemea ili ziwake. Kuna viungo vya folda, mfano C:\Documents and Settings inayoelekeza kwenye C:\Users. Cp inaweza kuvigeuza vikawa kitu kingine. Kuna majina mafupi ya kale ya herufi 8 na 3 ambayo programu za zamani bado zinayaandika kwenye rejista. Kuna mafaili yaliyobanwa na mikondo ya ziada ya data iliyoning'inia kwenye faili. Ukikopi kijuujuu utapata diski yenye kila faili na Windows isiyowaka, au inayowaka nusu halafu kila programu inalalamikia ruhusa.

Kwa hiyo vyombo vinavyofaa ni vile vinavyoijua NTFS yenyewe. ntfsclone inahamisha klasta (vipande vya nafasi ya diski) zilizotumika tu, kama zilivyo. Upo pia mradi wa wimlib, kwenye Ubuntu kifurushi chake ni wimtools: unaweza kuisoma patisheni nzima ya NTFS pamoja na ruhusa zake na kuimwaga kwenye patisheni nyingine, hata ndogo zaidi. Zote mbili nimezitumia. Kwa Chumbageni nachagua ntfsclone kwa sababu inaacha kila kitu mahali pake.

#8 Mzee wa Terminali

Chumbageni, hatua ya pili. Hii ndiyo naipenda kuliko zote.

ntfsclone haikubali kumwaga mfumo wa mafaili mkubwa kwenye patisheni ndogo. Lazima C: ipungue kwanza. Lakini kuipunguza maana yake kuandika, na tumesema bakapu haiandikwi. Hapo tunatandika shuka juu ya godoro. QEMU inaweza kutengeneza faili la juu linalopokea maandishi yote mapya, huku faili la chini likibaki kusomwa tu:

sudo qemu-nbd -d /dev/nbd0
cd /mnt/kazi
sudo qemu-img create -f qcow2 -F vhdx -b "/mnt/bakapu/…/faili-kubwa.vhdx" shuka.qcow2
sudo qemu-nbd -f qcow2 -c /dev/nbd0 shuka.qcow2

Ukumbuke kushusha /mnt/ndani kwa umount kabla ya mstari wa kwanza. Na /mnt/kazi iwe flashi au diski nyingine yenye nafasi, iliyofomatiwa ext4. FAT32 haifai, faili lake haliruhusiwi kufika GB 4. Ukiharibu chochote, unafuta shuka na kutandika jingine. Godoro halijui kilichotokea.

Sasa punguza. Kwanza uliza, kisha fanya jaribio kavu, ndipo ufanye kweli:

sudo ntfsresize --info /dev/nbd0p1
sudo ntfsresize --no-action --size 200G /dev/nbd0p1
sudo ntfsresize --size 200G /dev/nbd0p1

Nimechagua 200G kwa sababu ntfsresize inahesabu G kama bilioni, sawa na wauza diski, na SSD yako ni ya bilioni 240. Inaingia na nafasi inabaki.

#9 Chumbageni

Nimerudi. Nilitumia flashi ya GB 64. Mara ya kwanza ntfsresize ilikataa, ikisema patisheni imewekewa alama ya kukaguliwa. Nikakumbuka kwamba niko juu ya shuka, nikaendesha `ntfsfix -d /dev/nbd0p1` bila hofu, ikakubali. Ikaniambia iliyotumika ni GB 88. Jaribio kavu likapita, la kweli likachukua kama dakika 20. Faili la shuka limefika GB 11 tu, nadhani ni yale mafaili yaliyokuwa mbali kwenye diski yakasogezwa karibu.

Nimefanya sahihi?

#10 Mzee wa Terminali

Umefanya sahihi kabisa. Kwenye bakapu ya asili nisingekuruhusu uiguse hiyo ntfsfix, lakini juu ya shuka ni halali.

Sasa andaa SSD. Kompyuta ya duka inabuti kwa UEFI, njia mpya iliyochukua nafasi ya BIOS ya zamani, tumejua kwa sababu ya faili la Esp. Tunahitaji patisheni tatu: ya kubutia, ile ndogo ya MB 16 ambayo Windows hujitengea, na C: yenyewe. Lile faili la tatu la vhdx ni la zana za ukarabati, tuliache. Hakikisha SSD ndiyo unayoielekeza, hapa chini nimeiita sdS:

sudo sgdisk -o /dev/sdS
sudo sgdisk -n 1:0:+260M -t 1:EF00 -n 2:0:+16M -t 2:0C01 -n 3:0:0 -t 3:0700 /dev/sdS
sudo ntfsclone --force --overwrite /dev/sdS3 /dev/nbd0p1
sudo ntfsresize --force /dev/sdS3

Neno --force lisikutishe: ntfsresize ikishapunguza huacha alama ya kumtaka Windows akague diski, na vyombo vinavyofuata vinaiona alama hiyo vinasita. Mstari wa mwisho hauna ukubwa makusudi, unaitanua C: ijaze patisheni nzima.

Patisheni ya kubutia ni rahisi. Ni FAT32, haina ruhusa wala viungo, hivyo hapo ndipo cp inapofaa. Ifomati kwa `mkfs.vfat -F 32`, fungua faili la Esp kwa qemu-nbd kwenye /dev/nbd1 kwa kusoma tu, kopi folda ya EFI yote.

#11 Chumbageni

ntfsclone imekwenda dakika 50 hivi, tundu la laptopu hii ni USB 2. Ilipofika asilimia 100 nilikuwa nimeshika kikombe cha chai kilichopoa zamani.

Nimefunga SSD kwenye kompyuta ya duka. Nembo ya kampuni ikatokea, kisha skrini ya buluu: kifaa kinachohitajika hakijaunganishwa au hakifikiki, 0xc000000e.

Wakuu, niko karibu kiasi hiki. Nini tena?

#12 Nta_ya_Nyuki

Usikate tamaa mkuu, hiyo ni dalili nzuri! Kibutishaji cha Windows kimewaka, maana yake patisheni ya kwanza iko sawa. Kinachoitafuta C: hakiioni.

Ndani ya EFI/Microsoft/Boot kuna faili linaitwa BCD. Humo imeandikwa C: iko wapi, lakini haikuandikwa "patisheni ya tatu". Imeandikwa kwa GUID (namba ndefu za utambulisho) mbili: ya diski na ya patisheni. sgdisk ilipotengeneza patisheni mpya ilizipa GUID mpya. Kwa hiyo BCD inaulizia nyumba kwa namba ya zamani, na namba mlangoni imebadilishwa.

Njia inayojulikana ni kubuti kwa flashi ya Windows, kufungua dirisha la amri kwa Shift+F10, kuipa patisheni ya kubutia herufi S kwa diskpart, kisha:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Kabla ya hapo, niambie: ile diski iliyokufa, ukiichomeka kwenye Linux, inaonekana hata kidogo?

#13 Chumbageni

Inaonekana! Inagonga, lsblk inakawia, lakini jina na ukubwa vimetokea. Kuifungua imeshindikana.

#14 Nta_ya_Nyuki

Basi usiifungue, wala usijaribu tena. Tunataka sekta chache tu za jedwali la patisheni, na jedwali hilo la aina ya GPT huwekwa mara mbili: mwanzoni na mwishoni mwa diski. Andika hivi, sdZ ikiwa ni hiyo diski iliyokufa:

sudo sgdisk -p /dev/sdZ
sudo sgdisk -i 1 /dev/sdZ
sudo sgdisk -i 2 /dev/sdZ

Endelea hivyo kwa kila patisheni. Ya kwanza inaonyesha GUID ya diski, zinazofuata GUID ya kila patisheni. Zinakili kwa mkono, herufi kwa herufi, kisha ichomoe diski hiyo. Halafu uipe SSD namba hizohizo:

sudo sgdisk -U GUID-YA-DISKI -u 1:GUID-YA-ESP -u 3:GUID-YA-C /dev/sdS

Angalia isije ikawa kwenye diski ya zamani C: haikuwa ya tatu. Windows 10 nyingi zina patisheni ya ukarabati mbele, C: ikawa ya nne. Linganisha kwa ukubwa.

Faida nyingine: hata rejista ya Windows inakumbuka herufi C: kwa GUID hiyohiyo ya patisheni, kwa hiyo na huko kila kitu kitaoana. Ila baada ya hapo diski mbili hizi zisichomekwe pamoja kwenye Windows. Zitakuwa na utambulisho mmoja, na Windows huizima mojawapo.

#15 Chumbageni

WAKUU IMEWAKA.

C: ilikuwa ya nne kweli. Niliandika GUID kwenye ukurasa wa nyuma wa kaunta buku ya mama, nikazisoma mara tatu kabla ya kubonyeza. Nikarudisha SSD, ikaja nembo, ikaja asilimia za kukagua diski, zikaenda polepole mpaka mwisho, ikajizima na kujiwasha, ikaja picha ya mezani.

Nimefungua programu ya stoo. Imeuliza nywila kama kawaida, bila kuuliza leseni. Mama ameketi sasa hivi anaingiza mauzo ya siku nne kutoka kwenye kaunta buku. Amekuta deni moja alilokuwa amelisahau, la fundi wa Ngamiani, shilingi 140,000.

Mzee wa Terminali, Nta_ya_Nyuki, Mungu awabariki. Sina la kuwalipa.

#16 Kibodi Kikavu

Hongera sana. Nimejifunza mengi. Ila swali: mimi nataka bakapu ya wiki mbili nyuma, maana ya mwisho imechukuliwa baada ya kirusi kuingia. Kwenye Windows zilikuwa zinaonekana tarehe nyingi. Linux inanionyesha folda moja tu. Zimefutika?

#17 Mzee wa Terminali

Hazikufutika, na nashukuru umeuliza kabla ya kufanya lolote.

Windows haiweki mafaili ya .vhdx mapya kila wiki. Inaliandika upya lilelile, na hali za zamani inazihifadhi kama vivuli ndani ya NTFS ya hiyo diski ya nje. Linux ikiifungua kawaida inaona hali ya mwisho tu. Sakinisha libvshadow-utils, kisha:

sudo vshadowinfo /dev/sdX1
sudo vshadowmount /dev/sdX1 /mnt/vivuli

Ya kwanza inaorodhesha vivuli na tarehe zake. Ya pili inavitoa kama vss1, vss2 na kuendelea, kila kimoja ni taswira ya diski yote ya nje kwa tarehe hiyo. Unakifungua kwa `mount -o ro,loop`, na ndani yake utakuta .vhdx ya wakati huo.

Na hii ndiyo sababu ya kumwambia mtu asiiandikie diski ya bakapu. Vivuli vinaishi kwenye nafasi iliyobaki. Windows ikihitaji nafasi inavifuta vya zamani bila kukuuliza. Na ukiikopi folda ya WindowsImageBackup kwenda diski nyingine, vivuli havifuati. Unahama na tarehe moja tu.

#18 LikoniKwetu

Salaam ndugu zangu, nawaandikia kutoka Mombasa. Nimefuata uzi huu hatua kwa hatua lakini mimi nimegota mapema. qemu-nbd inaniambia faili limefunguliwa kwa kusoma tu na lina logi inayohitaji kurudiwa. Bakapu yangu ilikatizwa na umeme mwishoni mwishoni.

#19 Nta_ya_Nyuki

VHDX ina shajara yake ya ndani. Mabadiliko ya mwisho yameandikwa kwenye shajara, hayajahamishiwa mahali pake, na kuyahamisha ni kuandika. Shuka halisaidii hapa kwa sababu godoro lenyewe halikubali kufunguliwa. Kopi faili lote kwenye diski nyingine, kisha kwenye hiyo kopi, si kwenye asili:

qemu-img check -r all kopi.vhdx

Baada ya hapo endelea kama wengine. Ila kama umeme ulikatika bakapu ikiwa haijaisha, fungua mafaili yako muhimu moja moja uyathibitishe kabla ya kuiamini.

#20 Bi Takwimu

Naongeza la BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data ya diski, kazini tumelipitia. Taswira inayotengenezwa na Windows yenyewe huchukuliwa C: ikiwa imefunguliwa, kwa hiyo ndani ya .vhdx data haina kufuli. Lizingatieni hilo: laptopu imefungwa, lakini diski ya bakapu inasomwa na yeyote atakayeiokota. Ya kwetu tunaifungia kabatini.

Lakini kama mlichukua taswira ya diski ghafi kwa dd au ddrescue, kufuli limo. Linux inalifungua kuanzia cryptsetup 2.3.0 ya 2020:

sudo cryptsetup open --type bitlk --readonly /dev/nbd0p4 siri

Itauliza nywila, pale mnaweza kuandika ile namba ya kurejeshea yenye tarakimu 48, pamoja na vistari vyake. Bila nywila wala namba hiyo hakuna njia, msipoteze hela kwa mtu anayewaahidi.

#21 LikoniKwetu

Shukrani ndugu yangu. Kopi imekubali, mafaili ya ofisi yote yamefunguka. Na swali la mwisho: nina mashine nyingine ya kale, Windows 7, haina UEFI. Mambo ni yaleyale?

#22 Mzee wa Terminali

Karibu yaleyale. Kwa .vhd andika `-f vpc` badala ya `-f vhdx`, ndilo jina QEMU inalolitumia. Tofauti kubwa ni kwamba kwenye BIOS ya zamani sekta ya kwanza ya NTFS inakumbuka patisheni inaanzia sekta ya ngapi. Ukiianzisha mahali pengine, Windows haibuti. Ama uianzishe palepale ilipokuwa, ama usahihishe kwa chombo cha partclone kinachoitwa partclone.ntfsfixboot. Na badala ya GUID ya diski kuna sahihi ya baiti nne ndani ya MBR, sekta ya kwanza ya diski, nayo BCD inaitegemea.

#23 Chumbageni

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Jumapili iliyopita, baada ya bakapu, nilichukua diski kuukuu ya GB 320 niliyopewa na rafiki nikairudishia mfumo wote tena kwa kufuata uzi huu kuanzia #4. Nikachomoa SSD, nikafunga hiyo, ikawaka. Nikafungua deni moja, nikalinganisha na kitabu, nikaizima nikarudisha SSD. Kazi yote imechukua kama saa mbili na nusu, nikiwa peke yangu.

Pia nimeendesha `sgdisk --backup=jedwali.bin /dev/sda` na kulituma faili hilo kwenye barua pepe yangu, ni dogo sana. GUID zote tatu nimezichapa kwenye karatasi. Mama ameibandika ndani ya mlango wa kabati la duka, chini ya namba za simu za wauza vipuri wa Dar.